Stroberi za Jumatano

Nyegezi, Mwanza

Dada yangu mpendwa,

Mwangaluka! Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watoto, na ule mguu uliokuwa unakusumbua umepata nafuu. Sisi huku hatujambo. Dagaa wa Mwaloni wameshuka bei wiki hii, kwa hiyo jikoni tunapumua.

Uliniuliza kama ni kweli watoto wa bweni tunawapa stroberi au ni maneno ya watu. Ni kweli, kila Jumatano tangu muhula huu uanze. Nataka nikueleze vizuri, maana wewe unapikia wagonjwa na naona jambo hili linakuhusu kuliko hata mimi.

Kuna kijana analima upande wa Busisi. Ametundika neti ya kivuli, kwani jua letu si la Lushoto, na chini ya miche ametandaza nyasi kavu ili tunda lisiguse udongo. Zamani mzigo wake ungekaa foleni ya kivuko, na kwa stroberi saa mbili za jua ni msiba. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, anachuma alfajiri, anakuja nazo mwenyewe kwa gari, na saa tatu asubuhi trei ziko mlangoni kwangu.

Ukaribu huo ndio ninaotaka uuelewe. Ndizi ukiikata mbichi itaivia stoo, embe nalo hivyo hivyo. Stroberi haiivi tena ikishachumwa. Itazidi wekundu kidogo na kulainika, lakini utamu ambao haikuupata shambani haiupati tena. Ndiyo maana zinazotoka mbali huchumwa kabla hazijakolea, zisije zikafika rojorojo. Nilikuwa naziona mjini kwenye vikopo vya plastiki, zina mabega meupe na uchachu mtupu, nikadhani ndivyo tunda lenyewe lilivyo. Siku kijana huyu aliponipa moja ya kwake, nyekundu mpaka chini ya kikonyo, nilisikia harufu kabla sijaifikisha mdomoni. Nikamwambia hapo hapo alete.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilipokea kilo 15 jioni, nikaziosha zote, nikatoa vikonyo, nikazijaza kwenye ndoo mbili na kuziweka kwenye friji ili kesho yake kazi iwe nyepesi. Asubuhi za chini zilikuwa zimepondwa na uzito wa za juu, maji mekundu yamejaa robo ya ndoo, na nyingine zimeanza kuota ukungu wa kijivu. Nililia, dada. Zile ni fedha za chakula cha watoto.

Sasa nazipokea siku ile ile ya kuliwa. Zinakaa kwenye trei za kina kifupi, tabaka mbili tu, mahali pa baridi, wala hazigusi maji. Saa tano na nusu wasaidizi wawili wanaanza kuziosha kidogo kidogo kwenye chujio, kwa maji yaliyotiwa dawa, kwa sababu ni kitu kinacholiwa kibichi na sisi watu wa ziwani kipindupindu tunakijua. Kikonyo kinatoka baada ya kuosha. Ukikitoa kabla, maji yanaingia ndani na ladha inapungua. Zilizopondeka kidogo zinakwenda kwenye sufuria ya jemu ya Jumapili, zenye ukungu zinatupwa.

Mwanzoni nilizitia kwenye uji wa asubuhi, zikawa kama kamasi. Mwalimu mmoja wa sayansi akanishauri nizihamishie mchana, siku ya wali na maharage. Alinieleza kwamba vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage, ila lazima viliwe pamoja, na moto huipunguza vitamini hiyo. Gramu 100 za stroberi zina karibu miligramu 60. Kila mtoto anapata gramu 50, yaani matunda matatu au manne, na watoto ni 300. Mmoja aliota vipele midomoni, tangu hapo yeye tunampa papai, na wengine tunawauliza kwanza.

Mhasibu aliniuliza kwa nini tusinunue mapera wiki nzima. Ana hoja, pera lina vitamini C nyingi zaidi na bei yake ni ndogo, na siku nyingine ndiyo tunayogawa, pamoja na machungwa. Lakini yupo msichana wa kidato cha kwanza ambaye maharage huyasukuma pembeni ya sahani. Jumatano anayamaliza. Anabakiza stroberi moja, anaishika kwa vidole viwili, anaizungusha akitazama zile mbegu ndogo za nje, kisha anaila taratibu. Nilimwita mhasibu aje aone kwa macho yake. Hajauliza tena.

Sasa wewe. Usiniombe nikutumie matunda kwa meli. Ni usiku mzima majini, na pale gatini mizigo inarushwa. Wagonjwa wako watapokea uji mwekundu. Lakini Bukoba mna mvua kuliko sisi, na nyuma ya jiko lenu kuna kile kipande cha ardhi mlichoacha kiote majani. Stroberi hutoa vikamba vinavyotambaa na kuota mizizi, kila kimoja kinakuwa mche mpya. Kijana amekubali kunikatia miche 40. Hiyo safari ya meli inaivumilia, mizizi ikifungwa kwa gunia bichi. Ongea na mkubwa wako wa kazi, kisha nijulishe ni meli ya siku gani niiwahi.

Nisalimie mama na watoto wote.

Wako,
Mwenzio wa Nyegezi