Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mbunge Wetu: Shangazi Bado Yu Hai

Mheshimiwa,

Salamu na heshima zako. Wiki iliyopita ofisi yako ilimwandikia baba mkwe wangu barua ya kumshukuru kwa kufuatilia masuala ya uhamiaji. Baba mkwe tulimzika mwezi uliopita. Mume wangu aliisoma palepale mlangoni, akanikabidhi bahasha, akaenda kulala na viatu. Yeye amechoka kusema, basi naandika mimi mkewe, mzaliwa wa Tanga. Barua ya Kiingereza umeshaipata. Hii ni kwa ndugu zangu wanaoniuliza Wajapani wa Peru, kama baba mkwe na dada yake, walifikaje Marekani.

Waliletwa kwa nguvu, Mheshimiwa. Baba yao alikuwa kinyozi Lima, mji mkuu wa Peru. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali yako ya Marekani na ya Peru zilielewana, wakakamatwa watu wa asili ya Kijapani wapatao 1,800 bila kushtakiwa kwa kosa lolote, wakapakiwa melini. Baba mkwe aliletwa mwaka 1944, ana miaka sita. Pasipoti zao zilichukuliwa safarini. New Orleans wakavuliwa nguo, wakapuliziwa DDT, dawa ya kuulia wadudu, kisha wakaandikwa kwamba wameingia nchini kinyume cha sheria! Unamtoa mtu kwake, unamnyang'anya pasipoti, halafu unamdai karatasi. Wakafungiwa kambi ya Crystal City, Texas. Wenzao zaidi ya 800 walipelekwa Japani kubadilishwa na Wamarekani walioshikiliwa huko. Vita vilipokwisha Peru ikakataa kuwapokea tena wengi wao, na familia yetu ikaishia kwenye kiwanda cha mboga huko Seabrook, New Jersey.

Mwaka 1988 sheria iliwapa Wamarekani wa asili ya Kijapani waliofungwa wakati wa vita dola 20,000 kila mmoja, na serikali ikawaomba radhi. Baba mkwe, aliyefungwa nyuma ya waya uleule, akaambiwa hastahili: wakati ule hakuwa raia wala mkazi halali. Mwaka 1998, baada ya kesi ya Mochizuki dhidi ya serikali ya Marekani, Wajapani wa Peru na wenzao wa nchi nyingine za Amerika ya Kilatini wakaahidiwa dola 5,000 kila mmoja. Alizikataa. Alisema hawezi kutia saini kwamba yeye ni robo mtu.

Wewe unayajua haya. Ulikuja ukumbini kwetu wakati wa kampeni, ukala chakula chetu, ukamshika mzee mkono kwa mikono miwili, ukaahidi kuifikisha hoja. Ulirudia ahadi hiyo mbele ya wajukuu. Mwaka 2020 Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba Marekani ilivunja haki za Isamu Carlos Shibayama, naye Mjapani wa Peru aliyefungwa, na ndugu zake, ikapendekeza walipwe fidia. Shibayama mwenyewe alifariki 2018. Nilidhani uamuzi huo ungekupa nguvu ya kusimama. Sasa nadhani, na uniwie radhi, kwamba mnasubiri tu waishe wote.

Hawajaisha. Yupo dada yake baba mkwe, shangazi wa mume wangu. Ana miaka zaidi ya tisini, anasikia kwa sikio moja, akili zake timamu. Fedha mtazijadili. Yeye anataka aombwe radhi kwa jina lake, barua yenye saini ya serikali, kama walivyoombwa wenzake. Simama uliseme hilo bungeni mwezi huu. Mwezi huu, Mheshimiwa, maana barua ya pili ya kumwandikia marehemu hatutaipokea.

Wako katika kudai haki,
Mkwe wa familia