Barua ya wazi kwa vijana mnaopanda milima

Wanangu,

Salamu nyingi ziwafikie. Nawaona mkianza safari macho yote kwenye simu, mkifuata kile kidoa cha buluu. Simu sina ugomvi nayo. Ila kidoa hukuonyesha ulipo tu, na chaji ikiisha hata hapo ulipo hupajui.

Nawaombeni mjifunze kontua, ile mistari ya kimo, kabla ya kitu kingine chochote kwenye ramani. Njia huota majani na msitu hukatwa, lakini umbo la mlima hukaa. Kila kontua inaunganisha sehemu zenye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Zikibanana, mteremko ni mkali. Zikiachana, ardhi imelala. Hayo mtayashika siku moja.

Kinachosumbua ni ile mikunjo yenye umbo la V. Ncha ikielekea kwenye kimo kikubwa, hilo ni bonde. Ikielekea kwenye kimo kidogo, huo ni mgongo wa mlima. Nikiwa na umri wenu nilivichanganya. Ukungu ulikuwa umeshuka, nikawaongoza wenzangu nikiamini tunafuata bonde hadi kwenye maji, kumbe tuko juu ya mgongo, nao ukakatika ghafla penye genge. Jiwe lililoteleza chini ya kiatu changu lilianguka, na sikulisikia likitua. Namba za kimo zilikuwa palepale kwenye mistari, sikuzisoma.

Basi someni namba kwanza. Kisha tazameni kontua moja na inayofuata zinapishana kimo kwa mita ngapi. Zikipishana mita 20, genge la mita 15 laweza kujificha katikati bila mstari hata mmoja kulipita. Hapo macho yenu yafanye kazi.

Kwenye skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilometa 1, ila msipange muda kwa umbali peke yake. Mwaka 1892, Mskoti William Naismith alitoa hesabu ninayoitumia hadi leo: saa 1 kwa kila kilometa 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilometa 10 zenye mita 900 za kupanda ni saa tatu na nusu, bila kupumzika. Mwenye mzigo mzito aongeze.

Jumamosi hii tokeni mahali pa wazi, mtandaze ramani chini, muigeuze hadi kaskazini yake ifuate dira. Mmoja aonyeshe kilima kwa kidole, mwenzake akitafute kwenye karatasi. Kisha mbadilishane.

Mzee wenu