Aliyepooza anaweza kutumia kompyuta

Mhariri,

Si kweli kwamba aliyepooza kuanzia shingoni hawezi kutumia kompyuta bila kifaa cha mamilioni. Kama kichwa chake kinageuka hata kidogo, programu huria eViacam, ya bure kwa Windows na Linux, hufuata uso kwa kamera ya kawaida na kusogeza mshale. Mshale ukitulia, inabofya yenyewe. Anza na sekunde 2. Muda ukiwa mfupi mno, kila anapotua kinafunguka kitu.

Ikigoma, usikimbilie kulaumu programu. Mara nyingi mtu amekalishwa akilipa mgongo dirisha, na kwa jua hili la Dar uso unabaki kivuli, mshale unarukaruka. Mgeuze alielekee dirisha, kamera iwe usawa wa macho.

Mwenye kidole kimoja tu kinachosogea anahitaji swichi, yaani kitufe kimoja kikubwa cha kubofyea. Chukua kipanya cha zamani kinachofanya kazi (Kariakoo vimejaa), kifungue, uchomelee nyaya 2 kwenye swichi ya kitufe cha kushoto, kisha uziunge na kitufe kikubwa cha kubonyeza. Swichi ile huwa na miguu 3: tafuta kwa mita ya kupimia umeme (multimeter) ile miwili inayoungana inapobonyezwa tu. Ukikosea, kitufe chako kinaweza kisifanye kazi.

Kwa kuandika kuna programu ya Dasher, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Inakisia herufi kutokana na maandishi iliyolishwa, basi ilishe kurasa za Kiswahili. Ya Kiingereza haitabiri “ng’ombe”.

Mafundi kompyuta,
Dar es Salaam