Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025, Lubumbashi

Wamama na wababa wanachama, pamoja na vijana wetu, salamu.

Kazi za kawaida za chama chetu, cha kusaidia kampuni changa zinazotokana na sayansi, mnazijua. Tulifanya mafunzo mawili ya kuandikisha kampuni, tukatembelea kituo cha utafiti wa betri kilichofunguliwa UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi) mwaka 2022, tukakaa jioni moja na vijana wa agronomia wanaochunguza mimea inayoota kwenye udongo wenye shaba. Yote yalikwenda vizuri. Ambao hawakufika walikosa.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo limesemwa sana pembeni, na hata msibani: mashine.

Kweli, komite ilinunua spektrometa ya kupimia metali, iliyokwisha kutumika, kutoka Ndola, Zambia. Bei na usafiri vilikuwa dola 5.800. Kweli pia kwamba mkutano mkuu haukupiga kura. Lakini niulize: mkutano upi? Niliita mwezi wa nne, wakaja 14. Niliita tena mwezi wa sita, wakaja 11, na wawili kati yao walitoka kabla ya ajenda ya pili. Sisi ni 41 kwenye daftari, na kanuni zetu zinadai 21. Muuzaji alikuwa anafunga labo (maabara) yake, hakuweza kutungoja sisi tumalize harusi zetu.

Wengine walitaka ile feza iliyokuwa katika kesi (sanduku la chama), dola 4.300, igawanywe mikopo kwa kampuni kumi changa. Hiyo ni 430 kwa kila moja. Tulishajaribu mwaka 2022: walikopa wanane, wakarudisha watatu. Majina ninayo, siyasomi. Tena, kampuni inayotokana na labo haifanani na duka la vitenge. Kijana anayetaka kuuza chakula cha kuku kilichotengenezwa kwa funza, au kusafisha udongo wa shamba lililo karibu na kiwanda, anaweza kuhangaika miaka mitatu kabla ya faktire (ankara) ya kwanza. Anachoulizwa na mteja ni karatasi: umepima wapi? Kampuni kubwa za migodi zina labo zao nyuma ya geti. Chuo kina maprofesa. Sheria ya kusaidia kampuni changa ipo tangu Septemba 2022, na ile ya 2017 inataka kazi za pembeni za migodi ziende kwa kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Lakini katikati, kati ya ubao wa profesa na geti la mgodi, hapakuwa na kitu. Ndiyo maana wanachama wetu wenye diploma za kemia wanauza viatu vya kazi na helmeti. Huko Cambridge, Uingereza, Trinity College ilitenga uwanja wake kwa kampuni za sayansi mwaka 1970. Majengo na majirani vilikuja kabla ya utajiri. Sisi hatuna uwanja. Tuna mashine moja.

Imesemwa pia kwamba mashine iko kwangu. Iko katika aneksi (nyumba ndogo ya pembeni) ya parseli yangu, mtaa wa Kampemba, kwa sababu biro yetu iko ghorofani, haina maji, na mwenye nyumba amekataa chupa za gesi. Chama hakinilipi kodi hata franka moja. Dwani (ushuru wa forodha) ya mpakani Kasumbalesa nililipa mimi, dola 900, na mpaka leo sijarudishiwa. Mke wangu anajua.

Ni kweli ilikaa miezi mitatu bila kufanya kazi. Kila metali inadai taa yake ndani ya mashine. Ya shaba ilikuja na mashine, ya risasi ilichelewa, ya kobalti bado. Tangu mwezi wa tisa tumepima sampuli 46 za udongo na maji ya visima, kwa dola 5 kila moja. Hizo 230 zimeishia kwenye gesi na asidi.

Hesabu kwa jumla: salio la zamani 4.300, zawadi ya rafiki aliye Ubelgiji 2.500, michango 1.170. Yametoka 7.400: mashine, kodi ya biro 960, na mengineyo 640. Zimebaki 570, bila kuhesabu zile 900 zangu.

Michango ndiyo inayoniumiza. Waliolipa dola 60 zote ni 17, na watano walilipa nusu. Wengine 19, kimya. Nafahamu kwamba serikali iliposimamisha kuuza kobalti nje mwezi wa pili, wengi walipoteza kazi ndogo, na hata baada ya kwota (viwango vya kuuza) za Oktoba mambo hayajarudi. Lakini hata mwaka 2023 hali ilikuwa hiyohiyo.

Kwa mwaka ujao, tunatumaini kupata taa ya kobalti, kuzungumza na chuo kuhusu chumba, na pengine kampuni moja ya migodi itakubali kutuletea sampuli. Tutaona.

Mkutano utakuwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Mhazini atakaa mlangoni na kitabu cha risiti.

Mwenyekiti