Neema, kabla hujalipia hiyo TV

Mwanangu Neema,

Salamu zako nimezipata. Kama kutoka kochi hadi ukutani ni mita mbili na nusu, inchi 43 inakutosha. Inchi hupimwa kona kwa kona. Upana wake ni sentimita 95 hivi. Pima na meza, maana miguu ya TV nyingi iko pembeni kabisa.

Maneno ya kwenye boksi yasikutishe. Kioo cha TV ya LED ni LCD, hakina mwanga wake. LED ni taa zilizo nyuma yake. QLED ni hiyohiyo, imeongezwa tabaka la kukoleza rangi. OLED ndiyo tofauti, kila nukta ndogo inayounda picha huwaka na kuzima yenyewe, ila bei yake tuwaachie wenyewe. 4K ni kiwango cha ukali wa picha, kina nukta mara nne ya kile cha chini yake, Full HD, lakini chaneli za king'amuzi hazitageuka 4K kwa sababu ya TV yako. Zile za "double glass" za Kariakoo huzuia kioo kuvunjwa na watoto. Wewe bado huna watoto, na TV hizo zinaakisi dirisha vibaya.

Kinachokufa mapema ni zile taa za nyuma. Kwa kawaida zimeungwa kwa mfululizo, moja ikikatika mstari mzima unazima: sauti unaisikia, picha huioni. Mulika tochi kwa karibu. Ukiona picha hafifu, kioo ni kizima. Fundi abadilishe seti nzima ya taa, asiruke iliyoungua kwa kuunga waya, maana zilizobaki nazo zimechoka. Joto ndilo linaloziua, na TV nyingi hutoka kiwandani mwanga ukiwa juu mno. Ingia kwenye mipangilio ya picha, shusha palipoandikwa Backlight hadi nusu hivi. Brightness iache, hiyo mara nyingi hugusa weusi wa picha tu.

Dukani nenda na flashi yenye picha tano za rangi tupu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, buluu. Nukta zilizokufa zitajitokeza, nyeupe itaonyesha madoa, nyeusi mwanga unaovuja kwenye kona. Fungua YouTube pia. TV yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 1 utaiona inavyosuasua. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na garantii iliyoandikwa.

Kwenye bajaji isimame wima, isilazwe. Kioo kikipasuka, bei yake inakaribia ya TV mpya, na garantii haihusiki.

Mama yako