Darwin hajamfukuza Mungu, acheni kututishia watoto

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka na miaka, sijawahi kuwaandikia, ila ile habari ya mhubiri aliyesema mzazi akiacha mwanae asome evolusheni, ile nadharia ya Darwin kwamba viumbe hubadilika taratibu vizazi kwa vizazi, kashamkana Mungu nimeshindwa kuivumilia. Mmempa nusu ukurasa, hamkutafuta hata padri au shehe mmoja wa kumjibu?

Mimi Mkatoliki, na kwetu hili si jipya. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu watu wajadili kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe waliotangulia, akashikilia tu kwamba roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na 1996 Yohane Paulo II akasema evolusheni ni zaidi ya dhana ya kukisia. Thomas wa Akwino huko karne ya 13 alishafundisha Mungu ni chanzo cha kwanza, viumbe navyo ni vyanzo vya kweli chini yake, hawagombanii kazi. Mtoto akizaliwa tunasema Mungu katujalia, nani anaifuta ile miezi tisa au kumtoa mkunga wodini? Mkitaka kubisha bisheni kwenye Adamu na dhambi ya asili, hapo ndo pagumu, hata Pius mwenyewe alikanyaga breki.

Binti yangu yuko fomu foo. Majuzi kwenye jumuiya kauliza zile nyayo za kale za Laetoli kule Ngorongoro, za miaka milioni 3.6, ni za kabla ya Adamu au baada, swali zuri kabisa, mwenyekiti akamwambia kaa chini shetani siku hizi anapitia vitabuni, kina mama wakamzunguka wakaanza kumwombea mikono kichwani, mtoto analia, mimi nimeshika kitabu cha nyimbo sijui nicheke au nivunje kikao. Na hao hao mtihani ukikaribia wanabeba kalamu za watoto zikaombewe! Maabara ya shule ina hadubini moja na lenzi imepasuka, praktiko wanachorewa ubaoni, mchango wa hadubini ukitajwa kila mtu anaangalia saa.

Nashauri hivi, mhubiri yeyote kabla ya kumgusa Darwin apandishwe Coaster mpaka Olduvai, aoneshwe lilipofukuliwa lile fuvu la kale la Zinjanthropus mwaka 1959, halafu palepale juani ajibu swali la evolusheni la fomu foo, bila kuangalizia, maksi mzichape. Nauli ya kwenda natoa mimi, ya kurudi wamchangie waumini wake.

Mzazi, Morogoro