Chakula cha jioni na mvinyo wa Italia, Jumamosi hii

Wapendwa, habari za leo!

Tunakutana kwangu hapa Torino, Jumamosi saa 1 usiku. Mchango ni yuro 45, mwisho Alhamisi.

Tutafungua chupa mbili za Barolo za mwaka 2010 na moja ya Brunello ya 2006, zote mvinyo mwekundu wa Italia. Chupa nimeshazisimamisha ili mashapo yatulie chini. Jana niliimulika ile Brunello kwa tochi: wekundu umeanza kugeuka rangi ya tofali, dalili kwamba mvinyo umekomaa. Imenifurahisha mno! Tafadhali msijipulizie manukato siku hiyo, yataua harufu yake.

1. Wa Moncalieri: mkate na jibini.
2. Wengine: kila mtu glasi zake mbili, zangu hazitoshi.
3. Wenye magari: pangeni mapema nani hanywi.

Nyama naipika mimi. Jibuni NIPO au SIPO kabla ya Jumatano usiku, nijue ninunue kilo ngapi.